Bafta ya Bi Swabaha

Bi Swabaha alianza kumlilia mumewe mwezi wa Rajabu, mumewe akiwa hai, akila, akinywa na kuwasema majirani kama kawaida yake. Alimlilia jikoni, juu ya sinia la vitunguu, maana jikoni ndipo mahali pekee ambapo mwanamke aweza kububujikwa na machozi asiulizwe na mtu. Kila mumewe, fundi Aidarus, alipomuona akitoka na macho mekundu, aliambiwa kuwa vitunguu vya mwaka huu ni vikali. Lakini kitunguu kikishakatwa hakina budi kuliwa. Kufikia wiki ya tatu, nyumba yao ndogo ya Kibokoni ilikuwa ikila kachumbari asubuhi, mchuzi wa vitunguu adhuhuri, na jioni vitunguu vya kukaanga juu ya kila kitu isipokuwa tende.

"Bi Swabaha," fundi Aidarus akasema siku moja, akisogeza sahani kando, "daktari alisema kitakachoniua ni uvimbe. Hakusema nife kwa riahi ya vitunguu."

Bi Swabaha akaiondoa sahani. Alipofika jikoni akacheka, kisha akaona haya kwa kucheka, kisha akatafuta kitunguu.

Uvimbe wenyewe ulikuwa tumboni, upande wa kulia, mgumu kama embe bichi. Daktari mmoja wa Kigoa aliyekuja kumtazama aliubonyeza, akanawa mikono polepole kuliko ilivyohitajika, akasema miezi miwili, pengine mitatu, na yote ni ya Mungu. Fundi Aidarus alikuwa mshonaji wa kanzu na majoho, na nusu ya mtaa ilikuwa ikimtazamia yeye. Akamuuliza daktari kama aanze majoho ya Idi au asianze. Daktari akafikiri kidogo, akamshauri aanze na ya watoto.

Jibu lile lilimfaa mgonjwa kuliko dawa. Alimsimulia kila aliyekuja kumjulia hali, mpaka watu wakawa wanacheka kabla hajafika mwisho. Bi Swabaha alikuwa nyuma ya pazia siku ile, na hakuona la kuchekesha. Yeye alichosikia ni miezi miwili.

Tangu siku hiyo alikuwa akimtazama mumewe akinywa kahawa, na ghafla aliona pale alipoketi pamebaki mkeka mtupu. Akipepesa macho, fundi yuko pale pale, akilalamika kuwa kahawa imepoa. Asubuhi alijikuta akihesabu mikeka ya matanga, ipi ya wanawake na ipi ya wanaume, na nani atakayepika siku ya kwanza, na hapo alijiuma ulimi kama aliyekamatwa akiiba. Kisha hasira zilimpanda. Fundi Aidarus alikuwa na tabia ya miaka thelathini ya kuvua makubadhi yake katikati ya mlango. Siku moja Bi Swabaha alimfokea kwa ajili ya makubadhi yale mpaka sauti ikafika barabarani. Akayaokota, akayaweka pembeni ukutani, yakakaa vizuri. Akayatazama yalivyokaa vizuri. Akayarudisha katikati ya mlango kwa mikono yake mwenyewe, na jioni ile ile akajikwaa juu yake akaumia kidole.

Hakuwa na wa kumwambia. Binti yao wa pekee, Afaf, aliolewa Lamu, na wakati huo alikuwa na mimba ya miezi minane, haikufaa apande chombo. Majirani nao walikuwa wengi, lakini aliyewatangulia wote kwa mlango kuwa karibu na mdomo kuwa wazi alikuwa Bi Nabiha. Na katika yote yaliyokuwa yakimjia Bi Swabaha, lililomtia kiwewe zaidi lilikuwa dogo. Alijua kuwa siku ile itakapofika, wanawake watamvua nguo zake za rangi na kumvika nguo ya eda. Mtaani palikuwa na nguo moja ya namna hiyo, iliyohifadhiwa kwa Bi Nabiha na kuazimwa na kila mjane asiyekuwa na yake. Wajane wengi walikuwa wamepita ndani yake. Bi Swabaha aliiona nguo ile kila alipofumba macho, na mikono ya Bi Nabiha ikimfunga vishikizo.

Ndipo alipovaa buibui lake, akaenda Ndia Kuu, kwenye maduka, kununua bafta, kitambaa cha pamba.

*

Tayabali, mwenye duka la nguo, alikuwa Mhindi wa Kibohora mwenye adabu na sauti kubwa. Bi Swabaha aliomba bafta nyeupe kwa sauti ya chini kabisa. Tayabali alijua, kama wote walivyojua, kuwa fundi Aidarus ni mgonjwa. Akainamisha kichwa kwa heshima. Akauliza, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita bei, kama marehemu ni mrefu au mfupi.

Dukani palikuwa na wanawake wanne wakichagua leso. Wakageuka wote.

"Ni mrefu," Bi Swabaha akajibu kabla hajajijua. Kisha, kwa kutaka kutoka upesi, akasema apimiwe wari sita. Tayabali akamwambia kwa upole kuwa kwa mtu mrefu wari sita hazitoshi sanda. Bi Swabaha akasema zitatosha. Akalipa, akaficha bafta ndani ya buibui, akatoka bila kumtazama mtu. Lau angalitazama, angaliona kuwa mmoja katika wale wanne, aliyekuwa na leso mkononi na kinywa wazi, ni Bi Nabiha.

Maneno yalifika Kibokoni kabla yake. Yalipotoka dukani yalikuwa kwamba Bi Swabaha amenunua sanda na mumewe hajafa. Yalipopita msikitini yalikuwa kwamba amenunua sanda fupi, kwa ubahili. Yalipofika mwisho wa mtaa, kwa kuwa hakuna anayenunua sanda ya mtu aliye hai, watu waliyanyoosha wenyewe. Fundi Aidarus amefariki.

*

Baada ya sala ya laasiri, fundi Aidarus alikuwa kwenye baraza ya nyumba yake akipiga upindo wa joho la mtoto. Akamuona Mzee Hadi, mwadhini wa msikiti wa mtaa na rafiki yake tangu chuo cha Kurani, akija na tasbihi mkononi. Nyuma yake walikuwa watu wawili wamebeba jeneza.

Mzee Hadi alikuwa haoni vizuri mbali. Alianza "Innaa lillahi" akiwa bado hatua kumi, akainua kichwa, akakatikia hapo.

"Imalize, Hadi," fundi Aidarus akasema. "Aya haikatwi nusu."

Mzee Hadi akaimaliza kwa sauti ndogo. Fundi akamuuliza ni nani aliyefariki, maana yeye hakusikia. Mzee Hadi alikuwa mtu wa kweli, na hata katika shida ile hakuweza kusema uongo. Akajibu kuwa aliyefariki ni fundi Aidarus. Fundi akauliza habari hizo zimetoka wapi. Akajibiwa zimetoka mtaani. Akauliza tena kama kaburi limeshachimbwa, na mmoja wa wale wabebaji akasema ni nusu tu.

Fundi Aidarus akaagiza jeneza liwekwe chini. Akavuta utepe wake wa kupimia kutoka shingoni, akashuka barazani taratibu, akalipima kwa urefu, akalipima tena. Akamwambia Mzee Hadi kuwa halimfai, miguu itaning'inia, na mtu hawezi kupitishwa barabarani mbele ya wateja wake na miguu nje. Kisha akawakaribisha ndani wanywe kahawa ya matanga, kwani si haki mtu aje mazishini arudi na koo kavu. Wakanywa. Mzee Hadi alicheka mpaka akatoa leso akajifuta, na alipokuwa akijifuta haikujulikana tena anafuta nini.

Walipoondoka na jeneza lao tupu, fundi Aidarus akamwita mkewe.

Bi Swabaha alikuwa ameyasikia yote nyuma ya mlango. Alitoka akiwa ameshika bafta kifuani, maana aliona kuendelea kuificha ni kujiongezea fedheha.

"Umeninunulia sanda, mke wangu?" mumewe akamuuliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa.

"Sikukununulia wewe."

"Umemnunulia nani, basi?"

"Nimejinunulia mimi. Ni ya eda."

Fundi Aidarus akaacha mzaha. Aliutazama mkono wa mkewe ulivyoishika ile bafta. Kufa kwake alikuwa amekuzoea, amekufanyia mzaha, amekuzungumza na kila mtu. Lakini siku zitakazofuata alikuwa hajazifikiri hata mara moja. Sasa alimuona Bi Swabaha ndani ya nguo nyeupe, chumbani, saa za mchana, na yeye mwenyewe hayumo chumbani mle, wala hayupo mahali pengine pa kuitwa. Akanyoosha mkono, akaomba aione.

Vidole vyake vilipoigusa nguo, ufundi ukamuokoa. Akaifikicha, akaivuta kwa mshazari, akaiinua kwenye mwanga wa mlango.

"Nani kakuuzia hii?"

"Tayabali."

"Yuajua kuwa wewe ni mke wangu?"

"Yuajua."

"Yuajua, na bado akakupa kitambaa cha kuchujia tui. Ikifuliwa mara mbili yataonekana mpaka mawazo yako. Kesho twairudisha."

Bi Swabaha akamwambia ni heri aingie kaburini mwenyewe, lile lililokwisha chimbwa nusu, kuliko kurudi katika duka lile. Mumewe akasema hatarudi peke yake.

*

Kutoka Kibokoni hadi dukani si mbali, lakini fundi Aidarus hakuweza tena kwenda hatua mia bila kupumzika. Kwa hiyo alimtuma mtu amwite Chirau. Chirau alikuwa mmoja wa wasukuma troli, vile vigari vya kukalia vinavyopita juu ya reli nyembamba za barabarani, vikiwapeleka Wazungu wa serikali kutoka Kizingo hadi ofisini na kutoka ofisini hadi Kilindini. Bwana wake alimpa sare nyeupe ya kuwatosha watu wawili, na ni fundi Aidarus aliyeipunguza bila malipo. Chirau alifikiri, akasema bwana huwa ofisini hadi adhuhuri, na troli haina mdomo wa kusema ilikokwenda.

Basi siku ya pili, saa tatu asubuhi, Mji wa Kale ulimuona fundi Aidarus ameketi juu ya troli chini ya turubai lake, amevaa joho na kilemba cha Idi, mkono juu ya fimbo, akiwapungia watu kama liwali. Kando yake alikaa Bi Swabaha, amejifunika buibui gubigubi mpaka hakuonekana jicho. Wafungwa waliokuwa wakifagia mbele ya Ngome waliinua fagio zao wakatazama. Watoto wa chuo walitoka nje na mbao zao za kuandikia. Waliosikia jana kuwa amekufa walimjibu salamu kwa mashaka, na mama mmoja mzee akajirudisha ndani akafunga mlango.

Chirau alisimamisha troli mbele ya duka. Fundi Aidarus hakushuka. Alimwita Tayabali nje.

"Nataka bafta ya mke wa marehemu," akasema.

Tayabali, uso umemsawijika, akauliza ni marehemu gani.

"Mimi. Yule mrefu."

Barabara nzima ikacheka. Tayabali hakucheka. Alileta jora la kwanza, fundi akalishika kwa vidole viwili akalirudisha. Alileta la pili, fundi akamwambia hilo ni la kufungia samaki. La tatu lilitoka chini kabisa ya rafu, limefungwa kwa karatasi, bafta nzito, laini, nyeupe kama wali wa mpunga mpya. Fundi Aidarus aliifikicha muda mrefu. Akamuuliza mkewe, kwa adabu, kama inampendeza.

Bi Swabaha aliinama. Alikuwa akicheka ndani ya buibui, kicheko cha kubanwa kisicho na sauti, mpaka troli ikawa inatikisika juu ya reli zake. Waliomuona walidhani analia. Wanaume wawili wakainamisha vichwa, na mmoja akamwambia Chirau awaondoe taratibu, yule mama amezidiwa.

*

Fundi Aidarus hakuitia bafta ile cherehanini. Alisema kukanyaga cherehani kunamuumiza tumbo, na hilo lilikuwa kweli, ila si kweli yote. Alikata tamaa na majoho ya watu wazima, yale ya watoto akampa fundi mwenziwe ayamalizie, naye akaishika nguo moja tu.

Kwanza alitaka kumpima. Bi Swabaha akasema apime nguo yake ya zamani. Kwa miaka yote ile alikuwa akishonewa hivyo, maana fundi hakuwa na nafasi ya kumpima mke, nafasi ilikuwa ya wateja. Mumewe akamwambia mjane hapimwi kwa nguo ya mke. Basi akasimama katikati ya chumba, mikono pembeni, mumewe akiwa ameketi juu ya kiti akimgeuza polepole kwa utepe. Alimpima mabega. Alimpima mkono kutoka begani hadi kifundo. Utepe ulipofika kiunoni, mikono ya fundi ikasimama pale.

"Umekonda," akasema.

"Kwa vitunguu."

Wakacheka wote wawili, na katikati ya kicheko Bi Swabaha akaanza kulia waziwazi, mbele yake, kwa mara ya kwanza tangu Rajabu. Hakujifunika uso. Mumewe hakumwambia anyamaze. Alimshika kiuno kwa utepe ule ule, paji la uso wake limemwegemea tumboni, mpaka mkewe akamaliza.

"Waogopa nini hasa?" akamuuliza baadaye, walipokuwa wameketi. "Usiniambie kufa kwangu. Hilo twalijua."

Bi Swabaha alifikiri. Akamwambia kuwa siku ya kwanza haiogopi, siku ya kwanza kutakuwa na watu. Aogopa siku atakaposikia jambo la kuchekesha mtaani, akaja nalo mbio mpaka mlangoni, ndipo akumbuke. Akamwambia pia jambo ambalo hakupata kulisema: kuwa amechoka, na zipo nyakati anatamani ile miezi iishe, kisha ajiona mchawi.

"Nakulilia u hai," akasema. "Watu wasema namwita Izraili."

"Izraili haji kwa kuitwa na wewe. Mimi nakuita kutwa kwa maji na huji." Akapitisha uzi sindanoni, akakosa, akajaribu tena. "Na wewe wadhani wewe tu ndiye unayelia. Wewe wamlilia mtu mmoja, Bi Swabaha. Mimi nawalilia nyote. Namlilia Afaf, na mtoto wake nisiyemuona, na Hadi na mtaa mzima na mdomo wa Nabiha. Na wewe nakulilia zaidi, maana mimi nitafiwa na wewe siku ile ile utakayofiwa na mimi, nami sitakuwa na wa kunipa pole."

Bi Swabaha hakuwa amelifikiri hilo. Aliona kuwa kwa wiki zote zile walikuwa wakilia chini ya dari moja, huyu jikoni na yule kwenye mzaha, kila mmoja akimficha mwenziwe.

"Pole, Baba Afaf," akamwambia.

"Nimeshapoa," fundi akajibu. "Nipe uzi."

*

Nguo ya eda haina nakshi. Fundi wa kiwango cha Aidarus angeimaliza kwa siku moja na kupata nafasi ya kulala mchana. Lakini wiki ilipita, na ya pili, nayo haijaisha. Mara aliona bega limekaa vibaya akalifumua. Mara akataka shingo ya mviringo, kesho yake akairudisha ya kawaida. Akatia mfuko kwa ndani, upande wa kushoto. Bi Swabaha alipouliza mjane ataweka nini mfukoni, akaambiwa ataweka mkono.

Nguvu zilikuwa zikimwishia. Mwanzoni alishona barazani, kisha ndani karibu na dirisha, kisha kitandani, mgongo umeegemezwa mito mitatu. Maumivu yalipomzidi, aliishika bafta kwa ngumi mbili mpaka yapite, halafu akaipapasa kuinyoosha. Bi Swabaha alikaa kando yake kumtungia sindano, maana macho ya fundi yalikuwa hayaoni tena tundu. Hakulia jikoni tena. Alipotaka kulia alilia pale pale, na mumewe alimwambia asiiloweshe kazi.

Siku moja Bi Swabaha alimkumbusha kuwa nguo ya arusi ya Afaf ilishonwa kwa siku mbili.

"Fundi hamalizi nguo mpaka mwenye nguo awe tayari," mumewe akasema.

"Mimi siko tayari."

"Basi na nguo haiko tayari."

Hivyo wakaendelea. Ikawa kama mchezo ambao wote wawili wanaujua na hakuna anayeutaja. Jioni fundi alifumua kidogo cha kushonwa tena asubuhi, na mkewe alikusanya nyuzi zilizofumuliwa bila kuuliza.

Lakini mwisho wa Shaabani, uso wa fundi Aidarus ulikuwa umebaki pua na macho. Asubuhi moja sindano ilimchoma mara tatu mfululizo, na mara ya tatu hakusema neno la mzaha. Alikitazama tu kidole. Bi Swabaha akaona kuwa kuichelewesha nguo sasa si kumwongezea mumewe siku, ni kumburuta kwa ajili yake mwenyewe. Akaichukua ile sindano, akaitunga uzi mpya, akamrudishia.

"Malizia, Baba Afaf," akasema.

Fundi akamtazama usoni kuhakikisha.

"U tayari?"

"Siko. Malizia tu."

Ulikuwa umebaki upindo wa chini. Waliupiga pamoja, fundi akishona na mkewe akimshikia mkono chini ya kiwiko, mshono kwa mshono, kutoka asubuhi mpaka karibu na adhuhuri. Alipokata uzi kwa meno, akamwambia aivae. Bi Swabaha akaivua kanzu yake ya rangi, akavaa ile nyeupe, akasimama mbele ya kitanda. Mumewe akamwambia aende hadi mlangoni arudi. Akaenda, akarudi. Akamwambia ageuke. Akageuka. Fundi Aidarus alimtazama muda mrefu, kutoka shingoni hadi miguuni, kwa jicho la fundi kwanza, kisha kwa jicho jingine.

"Basi," akasema. "Nimekuona. Ivue usije ukaizoea."

*

Alifariki siku ya nne yake, Alhamisi asubuhi, Bi Swabaha akimchana ndevu. Alikuwa akimlalamikia kuwa kitana chauma. Akanyamaza katikati ya lalamiko, na Bi Swabaha akaendelea kuchana kidogo, taratibu, kabla hajaweka kitana chini.

Jeneza lililetwa, na kweli lilikuwa fupi. Mzee Hadi alipoliona, akalazimika kwenda nyuma ya nyumba kwa muda.

Bi Swabaha alikuwa amedhani kuwa kwa machozi aliyokwisha yatoa tangu Rajabu, siku yenyewe ingemkuta mkavu, na aliogopa wanawake watasema hakumpenda. Kumbe kilio cha kabla hakikupunguza hata tone katika kile cha siku ile. Kilimjia kizima, kama hakijapata kuguswa, na alilia mpaka sauti ikamkauka.

Alipotulia, wanawake walikuja kumvika. Bi Nabiha alikuwa mbele, na nguo ya mtaa imekunjwa mkononi mwake. Bi Swabaha akasema anayo yake. Akafungua sanduku, akaivaa mwenyewe, wala hakuhitaji kufungwa kishikizo na mtu. Wanawake wakaitazama nguo, wakatazamana. Ilimkaa mabegani kama maji.

Bi Nabiha alishika upindo wa chini, akaugeuza kutafuta kasoro, kwa mazoea tu. Akaufuata mshono kwa kidole, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kuiona.

"Kakushonea nani?" akauliza.

"Mume wangu."

"Lini tena, naye mgonjwa?"

"Siku alizokuwa akinililia."

Bi Nabiha akauachia upindo. Akaiweka nguo ya mtaa nyuma ya mlango, ambako haionekani. Kisha akaketi mkekani kando ya Bi Swabaha, akaushika mkono wake, akakaa naye hivyo bila kusema neno hata moja mpaka adhana ya laasiri.